Zamu ya Mama Siku za Wageni Watano

Kwetu mke hatamki majina ya watu wa mume wake. Baba mkwe, mama mkwe, mashemeji, wote unawabunia majina mengine siku unayoolewa, na hayo ndiyo unayotumia mpaka ufe. Mdogo wa mume wangu nilimwita Bwana Mdogo. Mume wangu nilimwita Mwenye Nyumba, na siku hizi simwiti chochote. Mama mkwe nilimwita Mama, basi. Jina lake lilikuwa Balsheker. Nalitaja leo kwa sababu mwenyewe aliniagiza wiki yake ya mwisho, akiwa amelala: "Ukinisimulia, nitaje. Miaka yote nimekuwa mke wa fulani na mama wa fulani. Safari hii niwe mimi."

Alizaliwa kambi ya kondoo, kaskazini ya kijiji chetu cha Sorkol, mahali ambapo nyika haina hata kichuguu cha kupumzishia macho. Baba yake alikuwa mhesabu siku. Watu walipanda farasi kutoka mbali kuja kumwuliza lini wahame, lini wanyoe, lini watoe wana-kondoo nje. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo elimu yake yote alimwachia binti. Alimwonyesha jinsi mwezi mwembamba wa machipuko unavyoipita Kilimia, lile kundi la nyota, jioni upande wa magharibi, na jinsi ya kufunga fundo moja kila siku kwenye uzi wa manyoya ya mbuzi kuanzia jioni ile. Baba alipofariki, farasi wakaacha kuja. Elimu ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa imevaa kitambaa cha kichwa.

Mama hakununa. Alichunga kondoo wa shamba la serikali miaka thelathini, akapewa nishani nyekundu, akaitumia kubania pazia la jikoni. Mume wake alizama na trekta mtoni mwezi Machi, barafu ilipopasuka. Mama alikuwa amemwambia asubuhi ile asivuke. Hilo hakupenda kulirudia, nami silirudii. Aliachiwa wavulana wawili. Mkubwa ndiye aliyenioa mimi, Orinsha, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu kuchunga wana-kondoo, sikujua kitu kingine.

Nilikaa naye miaka kumi na tisa. Sikumzalia. Mwaka wa ishirini akaenda mjini kutafuta vipuri vya trekta, na hajavipata mpaka leo. Alipata mwanamke muuza duka. Hakuja mwenyewe kuniambia. Alimtuma mdogo wake na karatasi, na mimi karatasi za serikali sizijui. Nilichojua ni kwamba Bwana Mdogo alifungua zizi langu akatoa farasi saba na ng'ombe wanne.

"Bwana Mdogo," nikamwuliza, "na mimi je?"

"Shemeji, hii ni mali ya kaka. Wewe si una mikono?"

Kati ya wale farasi kulikuwa na jike mwekundu niliyemlea mwenyewe kwa chupa, mama yake alipokufa. Alipita dirishani kwangu akigeuza shingo.

Kwa desturi yetu, kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kumtunza mama. Kwa hiyo Mama alikuwa akiishi kwa Bwana Mdogo, kwenye nyumba kubwa yenye mbao za buluu madirishani. Mchana ule ule, jua likiwa utosini, alitoka humo na godoro lake la sufi mgongoni, sufuria mkononi, na ile nishani ameibandika kifuani. Angeweza kupita nyuma ya nyumba. Alipita katikati ya kijiji, polepole, mpaka mlangoni kwangu. Mwanawe alimkimbilia nyuma.

"Mama! Mama, utaniaibisha! Watu wataniona vipi?"

"Watakuona vizuri tu. Macho wanayo."

Akaingia kwangu, akatundika nishani kwenye pazia langu la jikoni, akauliza chai iko wapi. Hapo ndipo tulipoanza kuishi wawili, na kondoo tisa na mbuzi kumi na wanne.

Wanyama ishirini na watatu si kitu, lakini ndio waliotuweka hai. Na waliishi kwa sababu ya zamu. Sorkol haina mchungaji wa kulipwa. Kila nyumba inatoa siku moja ya kuchunga kundi la kijiji kizima kwa kila wanyama kumi iliyo nao. Sisi tulidaiwa siku mbili mfululizo. Nyumba isiyotimiza zamu yake inatolewa kwenye duru, na nyumba iliyotolewa, kama haina mwanamume wala farasi, inauza wanyama wake na kufunga mlango. Mimi ningelazimika kurudi kwa ndugu zangu mikono mitupu, nikale chakula cha kuhesabiwa vijiko. Mama angelazimika kurudi kwenye nyumba ya buluu. Bwana Mdogo alikuwa akilisubiri hilo tangu siku ya godoro.

Sasa niseme kuhusu ule mwaka wa tatu wa kukaa pamoja.

Hali ya hewa ya kwetu ukiiamini katika machipuko, umejitakia. Asubuhi unavaa buti za manyoya, mchana unazivua na kutembea pekupeku kwenye tope, jioni unazitafuta tena ukipiga kelele. Nimeona mvua ya mawe ikipiga mgongo wa ng'ombe huku kichwa chake kikiwa kwenye jua. Lakini mwaka ule hali ya hewa ilikuwa na adabu ya kutisha. Theluji iliyeyuka mapema Machi. Kufikia wiki ya kwanza ya Aprili nyika ilikuwa ya kijani, maua ya njano yamefunguka, ndege wadogo wanapanda juu wakiimba mpaka hawaonekani. Mnunuzi wa manyoya laini ya mbuzi akaja na gari lake wiki mbili kabla ya wakati. Kijiji kizima kikachana mbuzi, na walipomaliza kuchana wakanyoa kabisa, kwa sababu joto. Mbuzi wa Sorkol wakabaki uchi, wekundu, wanachekesha.

Wa kwetu Mama alikataa wasiguswe.

"Bibi, nirudi lini kwako?" mnunuzi akauliza.

"Wageni Watano wakishaondoka."

Yule kijana wa mjini akacheka. Watu wetu hawakucheka, lakini waliangalia pembeni. Kila mtu anazijua siku tano za katikati ya Aprili. Wanasema zamani wasafiri watano waliondoka asubuhi yenye jua, vifua wazi, wakarudishwa wamelazwa juu ya mkokoteni, wamekakamaa. Siku zile zikabaki na jina lao. Ila mtu akishika noti na jua likimpiga mgongoni, Wageni Watano wanakuwa hadithi za bibi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama aliniambia mimi peke yangu. Jioni ambayo mwezi ulipaswa kuipita Kilimia, kulikuwa na mawingu. Hata jioni iliyofuata, na ya tatu. Alifunga fundo la kwanza kwa kukisia.

"Kwa hiyo hujui siku ya dhoruba," nikasema.

"Najua siku. Sijui ni ipi kati ya tatu."

Na zamu yetu iliangukia siku ya kwanza na ya pili kati ya hizo tatu.

Siku mbili kabla ya zamu akanichukua mpaka kwenye mabanda ya lile shamba la serikali, mwendo mfupi kutoka kijijini. Paa lilibaki nusu, kuta zimesimama. Tukaziba matundu kwa matete na samadi, tukaburuta mlango wa bati kutoka banda jingine. Nje, kwenye mti wa chuma, bado kilikuwa kinaning'inia kipande cha reli kilichokuwa kengele ya wachungaji. Mama alikipiga mara moja na nati kubwa, akasikiliza sauti inavyokwenda. "Bado kizima," akasema, kama mtu anayezungumzia ndugu yake.

Asubuhi ya zamu, watu wakaleta wanyama wao ukingoni mwa kijiji kama kawaida. Wanyama zaidi ya mia nne. Agizo lilikuwa Ziwa Refu, kwenye majani mapya, mwendo wa saa tatu. Mama akajibu "haya, haya" kwa kila mtu, tukaondoka, na tulipopita bonde la kwanza akageuza kundi kuelekea mabandani. Kuzunguka mabanda kulikuwa na nyasi za mwaka jana, kavu kama ufagio. Mbuzi walizinusa, wakatutazama sisi.

Kutwa nzima jua. Hakuna hata upepo wa kupeperusha ncha ya kitambaa. Nilikaa nikitazama kaskazini mpaka macho yakauma.

Jioni wanawake walipokamua, kelele zilianza nyumba ya kwanza zikafika ya mwisho. Uljan, jirani yetu, alikuja na ndoo yake akaigeuza juu chini mbele ya mlango wetu. Matone matatu yakaanguka.

"Shangazi Balsheker, hiki ni nini? Hata paka hanywi hiki!"

"Paka wako amenenepa, Uljan. Apumzike."

"Usinitanie! Umewafungia kwenye magofu, watu wamewaona! Wanyama wa watu unawashindisha njaa kwa sababu ya uzi wenye mafundo!"

Bwana Mdogo alisimama nyuma ya Uljan, amejishika kiuno. Akaongea kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kusikitika ambayo naichukia kuliko ya ugomvi. "Mama, tumekubaliana kisimani. Kesho ni Ziwa Refu. Kama si Ziwa Refu, nyumba hii iko nje ya duru. Redio imesema joto mpaka mwisho wa wiki. Mimi wangu arobaini nitawapeleka mwenyewe, nisije nikawakuta mifupa."

"Wenye manyoya au walionyolewa?"

"Walionyolewa, ndiyo! Kwani wana aibu?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alimwambia mwanawe, "Wapeleke mabandani na wengine. Nakuomba." Sikuwahi kumsikia akiomba kitu, si kabla, si baada.

"Mama, baba yako alikuwa mhesabu siku. Wewe ulikuwa mchungaji. Lala salama."

Asubuhi ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote. Sitaficha, mimi nilitaka tuende ziwani. Njiani nilimshika mkono. "Mama, tuwapeleke. Wakitutoa kwenye duru mimi nitakwenda wapi? Wewe una mwana, una nyumba. Mimi sina kitu mahali popote."

Akasimama. Niliona kwamba naye alikuwa na hofu, midomo ilikuwa myeupe. "Mwanangu, huenda nimekosea," akasema. "Nikikosea, sisi tutakufa njaa polepole. Nikiwa sawa tukaenda ziwani, hawa mia nne watakufa leo leo. Ukitaka kurudi nyumbani, rudi. Sitakulaumu."

Sikurudi. Lakini nilimkasirikia njia nzima.

Bwana Mdogo alitupita akielekea ziwani na mbuzi wake arobaini wekundu, amempanda yule farasi wangu jike. Akainua kofia. "Shemeji, salamu kwa Wageni Watano!"

Ilipita adhuhuri. Kisha ndege wakanyamaza. Sikuona walipoacha, nilijikuta tu nasikia wanyama wakitafuna. Jua lilikuwa bado linawaka, lakini rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa maji. Mbuzi wetu, wale wenye manyoya, wakaanza kuingia bandani bila kuambiwa. Mama akavuta hewa puani. "Ingiza wote," akasema. "Kimbia."

Tulikuwa tumeingiza nusu tu mvua ilipofika. Ilikuja ya kulala, kutoka kaskazini, na kila tone lilikuwa na ubaridi wa sindano. Kabla hatujaburuta mlango wa bati mvua ilikuwa barafu, na tulipomaliza kuufunga kwa mnyororo barafu ilikuwa theluji. Nilinyoosha mkono wangu nje, sikuuona. Ndani, wanyama mia nne walijibana mpaka mvuke ukapanda kama wa chungu. Wale wa uchi tuliwasukuma katikati, kondoo wakawa ukuta. Nililia kwa furaha. Nakiri hivyo. Niliwaza sura ya Uljan, nikacheka huku nalia.

Mama hakuwa na furaha. Alikuwa ametega sikio.

"Yuko njiani kutoka ziwani," akasema.

Nilijua ni nani.

Alijifunga kamba kiunoni, akanipa ncha yake niifunge kwenye nguzo, akatoka mpaka kwenye reli. Akaanza kupiga. Ngo! Ngo! Ngo! Na kati ya pigo na pigo alimwita mwanawe kwa jina. Mwanamke wa miaka sabini na minne. Sijui alipiga kwa muda gani. Mapigo yalipoanza kulegea nikafuata kamba, nikamkuta ameshikilia mti wa chuma kwa kwapa, nyusi zimeganda, sauti imekwisha. Mdomo unafunguka tu.

Nikachukua nati. Nikapiga. Sikumpigia yeye, nilipiga kwa sababu mkono wa Mama ulikuwa umechoka.

Alinivuta sikio karibu na mdomo wake. "Mwite."

"Nampigia reli, inatosha."

"Reli upepo unaizungusha. Mwite kwa jina."

"Mama, siwezi. Yeye ni mdogo wa mume wangu."

"Mume gani?" akasema. Kisha, kwa ule mnong'ono uliokauka: "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nakuruhusu. Mwite."

Miaka ishirini na mbili tangu niolewe jina lile halijapita midomoni mwangu. Kwanza kwa heshima. Baadaye kwa sababu nisingeuchafua mdomo wangu. Nilisimama pale nikiwaza farasi saba na ng'ombe wanne. Niliwaza kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mama alikuwa ameshika upindo wa koti langu kama mtoto anavyomshika mtu sokoni.

"Kenjebek!" nikaita. "Kenjebek! Kenjebeeek!"

Niliita kwa hasira, na hasira ina sauti. Niliita mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Theluji ikafunguka, kikatoka kichwa cha farasi wangu, masikio yamesimama, na nyuma yake, ameukumbatia mkia kwa mikono miwili, mtu mweupe pe kama mfuko wa unga.

Tulimwingiza katikati ya mbuzi. Ilichukua muda kabla hajaweza kusema. "Wangu wamekwisha," akasema kwanza. Baada ya hapo akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliniita? Nilisikia jina langu kwa sauti nisiyoijua. Nikadhani kifo kinaniita, nikataka kukimbilia upande mwingine. Farasi akakataa. Nilimpiga, akakataa, akageuka huku."

Mama hakuwa na sauti ya kumjibu. Alininyooshea kidole mimi.

Bwana Mdogo akainamisha kichwa. Farasi alikuwa amekwisha kuweka pua yake kwapani mwangu.

Theluji ilianguka mpaka mchana wa siku iliyofuata. Tulipofungua mlango, jua liliwaka kama lisilojua kitu chochote, na maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye paa. Tulirudisha kundi kijijini. Walikufa wana-kondoo wawili waliokanyagwa. Wengine wote tuliwahesabu mbele ya milango ya wenyewe. Kwenye njia ya Ziwa Refu, katika mbuzi arobaini walipatikana watatu hai, wamejibanza chini ya ukingo wa bonde. Uljan alikuja jioni ile ile na sahani ya maandazi, akaiweka mezani, akakaa. Mama alimmiminia chai. "Paka hajambo?" akamwuliza, kwa mnong'ono. Uljan akaangua kilio.

Jambo la kututoa kwenye duru halikutajwa tena. Wiki iliyofuata Bwana Mdogo akaja na yule farasi mwekundu, amemshika kwa kamba, akasimama uani.

"Mama, nimemleta."

"Mimi sikuwa na farasi," Mama akasema, sauti yake imerudi nusu. "Mwulize mwenyewe."

Akanigeukia. "Shemeji?"

"Mfunge pale," nikasema. Sikumshukuru. Bado sita, na ng'ombe wanne.

Mama aliishi machipuko mengine matano. Farasi wakaanza tena kuja, na pikipiki, kutoka vijiji vitatu, kuuliza lini wahame na lini wanyoe. Aliwapokea akiwa amekaa kitandani, na kila mara alisema vile vile: "Mwulizeni mke wetu, uzi uko kwake." Alifanya makusudi, ili wazoee. Siku ya kumzika palikuwa na tope, kisha mvua ya mawe, kisha jua, yote kabla ya chakula cha mchana. Nikasema moyoni kwamba hali zote za hewa zimekuja kumuaga.

Nishani iko kwenye pazia langu. Uzi ninao, na mwaka huu jioni ile ilikuwa safi. Niliuona mwezi ukiipita Kilimia kwa macho yangu. Nina mafundo ishirini na sita, na Wageni Watano bado hawajapita. Jina la shemeji yangu sikulitamka tena tangu siku ile. Nimeliandika hapa kwa sababu Mama aliliita na mimi nikaliita, basi. Yeye huja kila Aprili, jua likianza kuwaka, anasimama nje ya ua, haingii. Leo asubuhi alikuja, kichwa wazi, kofia mkononi.

"Shemeji, joto hili. Tunyoe?"

Nilikuwa nakamua. Nilimwacha asubiri mpaka ndoo ikajaa, nikasimama, nikatazama kaskazini.

"Bado," nikasema.

Akavaa kofia yake, akaenda kuwaambia wengine.